Simu ya Upepo Nyumbani kwa Mwanamkisi

Kamaludin alirudi kutoka ofisi ya serikali jua likiwa kali, akapanda ngazi mbili mbili, na kabla hajavua viatu akasema, "Kimesamehewa."

Mwanamkisi, mkewe, alikuwa amekaa mkekani akimkanda mtoto kwa mafuta ya nazi. Radhiya alikuwa na miezi miwili, na miguu yake ilikuwa bado imekunjika, kana kwamba hajaamini kuwa nafasi imepatikana.

"Kimesamehewa nini?"

"Chombo. Hakitaki leseni. Soma mwenyewe."

Akampa karatasi. Juu ilikuwa ya Kiingereza. Chini Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa Bwana Fadhil, karani wa ofisi, ambao kila mtu kisiwani Amu aliujua kwa kuwa hakuna hati iliyopita bila mkono wake.

Chombo chenyewe kilikuwa kisanduku cha mti cha kuchukulika kwapani. Ndani mlikuwa na waya mwembamba wa shaba uliozongwa kwenye kigogo, kipande cha jiwe la kijivu kinachometameta, sindano ya kuligusa, na kichuma cha kuweka sikioni. Kamaludin alikuwa baharia miaka mitano katika meli ya moshi ya pwani, akimtumikia fundi wa simu ya upepo, ile inayopeleka maneno bila waya kutoka meli hadi meli. Fundi alimfundisha herufi zake, mlio mfupi na mlio mrefu. Vita vya Mwingereza na Mdachi vilipoanza na meli ikachukuliwa na jeshi, fundi akamwachia kisanduku. Hakikuweza kupeleka neno hata mtaa wa pili. Kilisikia tu, basi.

Alikuwa amefunga waya juu ya dari, kutoka ukuta huu hadi ule. Mara mbili mama mkwe, Bi Twahira, alianika leso zake juu yake, na Kamaludin akapanda mbio akilia, "Mama, umeniziba masikio!" Alikuwa na tamaa moja. Mombasa walitaka watu wa kazi ile, na yeye hakutaka sikio lake lisahau.

Amri ilikuwa imetangazwa kwa mbiu mbele ya forodha: kila mwenye chombo cha simu ya upepo akate leseni, ama akisalimishe, asiye na leseni ni mhalifu wa vita. Lakini palikuwa na msamaha. Mwanamkisi aliusoma polepole, kidole kikifuata mstari. Chombo cha kusikilizia tu, chenye waya usiozidi pima kumi, hakihitaji leseni, maadamu haya yaliyoandikwa hapa chini kwa kiapo ni kweli: jina la mwenye chombo, jina la mwenye nyumba kilimowekwa, na kwamba hakitatolewa humo.

"Mwenye chombo, Kamaludin," alisoma. "Mwenye nyumba, Kamaludin." Akainua uso. "Nyumba yako tangu lini, bwana?"

Alicheka, naye akacheka. Nyumba ilikuwa yake Mwanamkisi. Babake, marehemu Abdulghafur, alimpa siku ya harusi, kama babake Bi Twahira alivyompa Bi Twahira. Kwao mume ndiye huhamia.

"Ulitaka nifanyeje?" alisema Kamaludin. "Ofisini mna Fadhil, mna askari wawili, mna Mbaniani amekuya na mambo yake. Mzungu aniuliza, mwenye nyumba nani. Nikutaje jina lako mbele yao, kama samaki sokoni?"

"Na kiapo?"

"Mume na mke ni nyumba moja. Mola ajua."

Mwanamkisi akamgeuza mtoto kifudifudi, akaendelea kumkanda. Ukweli ni kwamba alifurahi. Jina lake lilikuwa likijulikana na wanawake wa mtaa, na babake alipokuwa hai, na huyu. Mwanamume wa nje hakuwa amelisikia hata mmoja, isipokuwa kadhi na mashahidi siku ya ndoa. Mume anayelifunika jina la mkewe ni mume anayemthamini. Ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo alivyoamini. Angeweza kumwambia, rudi ukaseme kweli. Hakumwambia.

Miezi mitatu baadaye watu wa Kiwayu waliona meli ngeni isiyo na bendera ikipita kaskazini, karibu na nti kavu. Wa Mkokoni wakasema waliiona pia. Wa Kiunga wakasema ilisimama. Serikali ikaingiwa na hofu kwamba yuko mtu anayeiita. Vyombo vyote vilivyoandikwa kitabuni, vyenye leseni na vilivyosamehewa, vikaanza kukaguliwa.

Walikuja baada ya alasiri: Mzungu wa ofisi, Bwana Fadhil na askari watatu. Bi Twahira alisikia viatu barazani akamsukuma bintiye chumba cha ndani, akateremsha pazia. Mwanamkisi alisimama nyuma yake na mtoto kifuani, akisikia kila neno.

Waliupima waya. Pima nane na nusu. Walikifungua kisanduku, wakakitazama, wakakubali kwamba hakipeleki kitu. Mzungu akasema jambo, na sauti ya Fadhil, laini kama ya mtu anayeomba radhi, ikalitafsiri.

"Bwana Mkubwa asema chombo hakina taabu. Auliza juu ya nyumba. Katika daftari la nyumba hii imeandikwa: Abdulghafur, kwa bintiye. Haikuandikwa Kamaludin."

Mzungu akaongeza neno.

"Auliza, huyo binti ni nani?"

"Ni wa kwangu," alisema Kamaludin.

"Jina lake?"

Radhiya akaanza kunung'unika. Mwanamkisi akampa titi haraka. Sema, alimwambia mumewe moyoni. Sema tu. Lakini mdomo wake yeye mwenyewe ulikuwa umefungwa nyuma ya pazia, na ingawa angeweza kulitoa jina lile kwa pumzi moja, hakulitoa. Wanaume watano wa nje walikuwa ukumbini.

"Kamaludin ndugu yangu," Fadhil alisema kwa sauti ya chini, "mpe kitu aandike."

"Mwambie mimi ndiye wa kuulizwa. Wanawake wetu hawaandikwi vitabuni."

Mwanamkisi hakujua Fadhil alilitafsiri vipi hilo. Mzungu alinena maneno machache tu. Mtu aliyeapa uongo juu ya nyumba, na sasa anamficha mwenye nyumba, wakati meli ya adui inapita Kiwayu. Wakamchukua yeye na kisanduku pamoja. Kutoka mlangoni Kamaludin alisema kwa sauti, bila kumwita mtu, "Mtoto asipigwe na upepo."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mchana wa Alhamisi ikajulikana: meli ya moshi inaingia Jumamosi kuchukua wapagazi wa vita kuwapeleka Mombasa na kisha bara, na wafungwa wa ngomeni wanaotiliwa shaka watakwenda nayo. Husein, mume wa jirani yao Hadia, alikwisha kamatwa njiani na kuandikwa upagazi, bila kosa lolote isipokuwa mabega mapana.

Hadia alikuja kupitia wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunga nyumba mbili, macho yamevimba. "Wamemuandika," alisema. "Sikuambiwa neno. Nimesikia kwa muuza mai wa kisimani."

"Wangu wamtuhumu kwa ajili yangu," alisema Mwanamkisi. "Wataka jina la mwenye nyumba. Wakilipata na kuona ni mke tu, si jasusi, watamwacha."

"Basi mpeleke ami yako akaseme."

"Ami yuko Pate. Hadi apate habari na kuya, meli imeondoka."

Bi Twahira alikuwa akipepeta mchele, ungo ukienda kwa hasira. "Andika barua," alisema. "Barua haina uso."

Mwanamkisi akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri. Babake alimfundisha mwenyewe. Aliandika kwamba nyumba ni yake, kwamba mumewe alificha jina lake kwa heshima wala si kwa hila, na chini akatia: Mwanamkisi binti Abdulghafur. Alitazama jina lake likikauka kwenye karatasi akahisi amevua shela njiani. Barua ikapelekwa na mwanamke wa kazi mpaka mkononi mwa Bwana Fadhil.

Ijumaa baada ya sala, Fadhil mwenyewe alikuja, akasimama chini ya ngazi, akakohoa. Bi Twahira akateremka nusu.

"Barua imesomwa, Bwana Fadhil?"

"Imesomwa, Bi. Nimemwambia Bwana Mkubwa, mwenye nyumba ni bibi mmoja wa watu wema."

"Na jina?"

Fadhil akakohoa tena. "Jina sikulisoma, Bi. Walikuwapo askari. Nililifunika kwa kidole gumba. Mimi na marehemu Abdulghafur tumesali msikiti mmoja miaka ishirini. Sikuweza kulisema jina la bintiye pale." Alisema kama mtu anayetarajia kushukuriwa. "Bwana Mkubwa akasema, barua isiyo na jina si barua. Akaitupa."

Bi Twahira, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akasema, "Ahsante, Bwana Fadhil. Mola akulipe."

Mwanamkisi, juu ya ngazi, aliuma kitambaa cha mtoto asipige kelele. Watu wema watupu. Kila mmoja alikuwa amemlinda.

Asubuhi ya Jumamosi alivaa buibui la mamake, akamfunga Radhiya kifuani.

"Wenda wapi?" aliuliza Bi Twahira.

"Ofisini."

"Mtana huu wa jua? Na mato yote yale ya watu yakikutazama? Bibi yako alikuwa akitoka ndani ya hema la kitambaa, wajakazi wanne wakilichukua, usiku, na watu wakigeuza nyuso ukutani!"

"Najua, Mama."

"Wataka kunitia kaburini?"

"Wataka niketi hapa niwe mjane mwenye heshima?"

Mamake akakaa kwenye ngazi, upande mmoja, akimwachia nafasi ya kupita bila kusema kwamba anamwachia. Alipopita, Bi Twahira alinyoosha mkono akamfunika mtoto kichwa.

Njiani wanaume walisimama ukutani. Mmoja barazani aliuliza, "Huyu ni wa kina nani?" na mwenzake akasema, "Nyamaza wee, geuza uso." Gati ilikuwa imejaa, meli ilikwisha tia nanga, moshi wake ukilala juu ya maji.

Ofisini Fadhil alimwona, akamjua kwa mtoto ama kwa kukisia, akainuka wima. "Bi, rejea nyumbani. Mimi nitasema."

"Hukusema jana."

Mzungu aliinua kichwa. Kalikuwa kajibwana kadogo kalikochomwa na jua, na wino vidoleni. Palikuwa na askari mlangoni, na wazee wawili wa Faza waliongoja shauri lao la mpaka wa shamba. Wote wakatazama sakafu.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," alisema. Sauti ilitoka nyembamba mno. Akaanza tena. "Mimi ni Mwanamkisi binti Abdulghafur. Nyumba ni yangu. Kamaludin ni mume wangu. Aliapa kinyume kwa kunisitiri. Hakuna mtu mwingine ndani, ila mamangu na huyu."

Fadhil akatafsiri, na safari hii jina alilitamka, masikio yakimwiva. Mzungu akaandika. Akauliza jina la babake tena, mtaa, nyumba ya ngapi kutoka msikitini. Akafungua kitabu cha misamaha, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake. Kisha akasema kwa muda mrefu, na kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Mwanamkisi baridi.

"Asema," Fadhil alisema, "sasa mambo ya chombo yamenyooka. Mwenye nyumba amejulikana, waya haukuzidi, hakipeleki. Msamaha wake wasimama. Utakichukua."

"Na Kamaludin?"

"Chombo ndicho kilichosamehewa, Bi. Kiapo hakikusamehewa. Asema hamtuhumu tena ujasusi, na kwa sababu yako hatampeleka mbele ya mahakama ya vita, ambako wangeweza kumuua. Lakini aliapa uongo wakati wa vita. Miezi mitatu na wapagazi. Atakwenda na meli ya yeo, hii iliyotia nanga."

Mwanamkisi hakulia. Aliuliza, "Lau angetaja jina langu siku ile ya kwanza?"

Fadhil hakulipeleka swali kwa Mzungu. Alilijibu mwenyewe, akitazama meza. "Yeo angekuwa kwake."

Askari akaleta kisanduku, akakiweka mbele yake.

"Sikitaki," alisema. "Kaeni nacho. Nipeni mtu."

Fadhil akatafsiri. Mzungu akatikisa kichwa, akaonyesha kitabu. Hakiwezi kuzuiliwa, alisema, kimesamehewa. Kukizuia chombo kilichosamehewa ni kuvunja sheria.

Basi akakichukua. Mtoto kifuani, kisanduku kwapani, akatoka uani, ambako watu kama arobaini walikuwa wamekalishwa mchangani, wakingoja mashua. Husein alikuwa miongoni mwao, ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Kamaludin alimwona, akasimama, askari akamwacha.

"Umekuya kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Umelitaja?"

"Nimelitaja."

"Wamesikia wote?"

"Wote. Hata wazee wa Faza."

Kamaludin akatazama kisanduku, kisha akatazama pembeni. Alikuwa na ndevu za siku tatu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa kitu mbele za watu. "Nililificha vyema," alisema. "Sikupigwa, lakini ningepigwa nisingelisema."

"Najua. Nami nilikuwa nyuma ya pazia nikanyamaza. Tulikuwa wawili."

Kamaludin akanyoosha kidole, akagusa unyayo wa mtoto uliochomoza kwenye kitambaa. Mguu ulikuwa umenyooka sasa. "Amekuwa mrefu," alisema, na askari akaita watu wainuke.

Miezi mitatu ikaisha. Wa nne ukaisha. Mwanamkisi alijiambia meli zina shughuli, alijiambia barua zinapotea, alimfundisha Radhiya kuketi, kisha kutambaa, na kila jioni alimwambia, "Baba yu ndiani." Watu wa mtaa walimsema mwezi mmoja, halafu wakachoka. Hadia alikuja kila siku kupitia wikio kuuliza kama pana habari, na kila siku hapakuwa na habari ya yeyote kati ya wale arobaini.

Mwezi wa nane ikaja bahasha. Juu yake iliandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu: Mwanamkisi binti Abdulghafur, mwenye nyumba, Amu. Fadhil aliileta mwenyewe, akasimama chini ya ngazi bila kukohoa.

Kamaludin alikufa kwa tumbo la kuhara katika kambi moja ya bara, amezikwa huko huko. Siku yake iliandikwa. Mwanamkisi alihesabu kwa miezi ya Kiislamu, mara mbili, hadi akawa na hakika: miezi miwili kamili ilikuwa imepita. Miezi miwili alikuwa mjane naye anatia wanja, anachoma udi, anamwambia mtoto baba yuko njiani.

Bi Twahira alilia kwa niaba ya wote wawili. Sheikh alipoulizwa alisema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Imebaki miezi miwili na siku kumi. Mwanamkisi akavua bangili, akavaa nyeupe, akaketi ndani.

Siku ya tatu Hadia akaja. Alikaa mlangoni, hakuingia.

"Pole," alisema, kama alivyosema siku mbili zilizotangulia. Kisha: "Nimemtuma mtu kwa Fadhil. Nimeuliza, na Husein je?"

"Amesemaye?"

"Amesema barua zatoka Mombasa. Huko wana orodha ya waliokufa, lakini hawajui wapeleke wapi. Karibu kila mmoja, penye jina la wa nyumbani kwake ni patupu. Waliulizwa wakanyamaza, ama wakaandika 'kwetu Amu'. Wako tu ndiye aliyekuwa na jina la mtu kitabuni, lile ulilolitaja ofisini." Alikuwa akizungusha ncha ya leso kidoleni. "Wewe wajua siku. Wajua kaburi liko upande gani. Una eda ya kukaa. Mimi sijui nimekuwa nani, Mwanamkisi. Nikijipamba naogopa, nikiacha naogopa."

Lau kungekuwa na la kufariji, Mwanamkisi angejipa kwanza yeye. Radhiya alitambaa hadi mlangoni, akashika goti la Hadia akajivuta, akasimama akiyumba.

"Wende ofisini," alisema Mwanamkisi. "Waandike jina lako mbele ya la Husein, walipeleke Mombasa. Kama yuhai atajua wamngoja. Kama hayuhai, utaambiwa."

"Twende sote."

"Mimi sitoki hadi eda iishe. Wende weye."

"Ntasemaje mbele ya wanaume wale?"

"Jina lako na la babako. Nyumba yako. Usianze na 'mimi mke wa fulani'; Fadhil atashika hilo akufiche. Anza na lako."

Hadia akafunika mdomo kwa leso. Baadaye akaiteremsha, akasema, taratibu kama mtu anayetoa kitu kinywani asikivunje, "Hadia binti Famau."

"Kwa sauti hiyo askari wa mlango wa ofisi hatakusikia," alisema Mwanamkisi.

"Hadia binti Famau," akasema tena, na sauti ikafika hadi chini ya ngazi, ambako Bi Twahira aliacha kupepeta.